Jicho lilitengenezwa kwa dakika ishirini, kuona kumechukua miezi

Watu wakisikia nimetolewa mtoto wa jicho, huniuliza swali moja tu: "Sasa unaona vizuri?" Nami hujibu ndiyo, maana ndilo jibu wanalolitaka. Jibu la kweli ni refu zaidi. Naliandika hapa kwa ajili ya mwenzangu aliyepangiwa tarehe ya upasuaji, na zaidi kwa ajili ya wale wanaoishi naye nyumba moja.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, nina miaka 63. Kwa zaidi ya miaka 30 nimewashonea watoto wa Ngamiani sare za shule, mashati meupe na kaptula na sketi za bluu. Mtoto wa jicho alikuja polepole. Kwanza taa za bodaboda usiku zilianza kutawanyika machoni. Kisha rangi zikafifia, ikawa mjukuu wangu ndiye ananitengea nyuzi, za bluu upande huu na nyeusi upande ule, maana mimi niliziona zote sawa.

Cha ajabu, wakati huohuo nikaanza kutunga uzi kwenye sindano bila miwani, jambo nililokuwa nimeliacha siku nyingi. Majirani wakasema macho yangu yamerudi ujanani. Daktari alinieleza baadaye kwamba lenzi ya jicho inapoanza kuwa ngumu na kubadilika rangi, mtu anaweza kupata nafuu ya kuona karibu kwa muda, huku kuona mbali kukiharibika. Ilikuwa nafuu ya kuazima, na siku ya kuirudisha ilikuja.

Upasuaji wa jicho la kulia ulifanyika Novemba. Nilitiwa ganzi, nikabaki macho, nikisikia sauti za wauguzi na kuona mwanga tu. Daktari alitoboa tundu dogo pembeni mwa jicho, akatoa lenzi iliyochafuka, akaweka ya plastiki ndani ya mfuko uleule mwembamba uliokuwa umeishika ile ya zamani. Dakika kama ishirini, kazi ikaisha.

Kabla ya hapo nilikuwa nikiogopa hiyo plastiki kuliko kisu. Kilichonituliza ni historia yake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari Mwingereza Harold Ridley aliwatibu marubani waliojeruhiwa machoni na vipande vya plastiki vya madirisha ya ndege zao. Aliona vipande vile vimekaa ndani ya jicho bila jicho kuvikataa. Mwaka 1949, jijini London, akampa mgonjwa lenzi ya kwanza ya plastiki. Nikajiambia, kama kitu hiki kimeanza kukaa machoni mwa watu tangu kabla sijazaliwa, kitakaa na kwangu.

Kesho yake asubuhi bandeji ilifunguliwa. Mwanangu alikuwa amesimama mbele yangu akitabasamu, anangoja nimwambie namwona. Nilichokiona ni kama kutazama kupitia dirisha la bafu lenye mvuke. Moyo ulinishuka. Muuguzi akasema jicho bado limevimba kidogo kwa ndani, na mboni bado imetanuliwa na dawa, nisilipime leo wala kesho.

Siku ya tatu ukungu ulianza kuondoka, na kitu cha kwanza kurudi kilikuwa rangi. Nilikaa barazani nikatazama mashati yaliyoanikwa kwenye kamba ya jirani. Nilifumba jicho la kulia, nikatazama kwa la kushoto ambalo halijaguswa: mashati yalikuwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa majani ya chai. Nikabadilisha, nikafumba la kushoto: yakawa meupe, weupe wenye ubluu kwa mbali. Nilifanya hivyo mara nyingi mpaka mjukuu akauliza, "Bibi, unamkonyeza nani?" Miaka yote ile nilidhani sabuni za siku hizi hazitakatishi. Kumbe ni lenzi yangu iliyokuwa imegeuka manjano.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo familia nyingi hawalijui. Siku niliyosema naona nyeupe, nyumba nzima ilihesabu kwamba nimepona. Mkwe wangu ni binti mwema, lakini siku ya nne aliniachia ufagio na jiko la mkaa akaenda sokoni. "Si unaona sasa, mama?" Ndiyo, naona. Lakini kidonda ni kibichi. Nilikuwa nimekatazwa kulisugua jicho, kuinama kichwa chini, kunyanyua ndoo na kuingiza maji jichoni. Moshi na vumbi pia nilitakiwa kuviepuka. Uso niliufuta kwa kitambaa chenye unyevu, nilisali nimekaa kitini, na usiku nililala nimevaa kinga ya plastiki juu ya jicho. Dawa za matone ziliendelea kwa wiki kadhaa, mara nyingi kwa siku mwanzoni, kisha zikapunguzwa taratibu. Mjukuu ndiye alikuwa nesi wangu: ananawa mikono, anavuta kope la chini, tone moja, nafumba, tunahesabu pamoja.

Halafu kuna vita vya macho mawili. Jicho moja jipya na jingine la zamani hayakubaliani. Nilimimina chai pembeni ya kikombe. Ngazi mbili za mlango wangu mwenyewe nilizipapasa kwa mguu kama mgeni. Miwani yangu ya zamani haikufaa tena, nikaambiwa niiweke kando. Mtu anayekaa na mgonjwa wa hivi amshike mkono barabarani, hata kama mgonjwa mwenyewe anasema hahitaji.

Lakini siku iliyoniumiza ni siku ya sindano. Ilikuwa wiki ya tatu, Desemba imeanza, na wazazi wameanza kuleta vitambaa vya sare za Januari. Nikakaa kwenye cherehani kwa furaha. Mwembe ulio ng'ambo ya barabara niliuona jani kwa jani. Nikainamisha macho kwenye sindano, sikuona tundu. Sikuiona hata sindano yenyewe vizuri. Nilivuta kichwa nyuma, nikakipeleka mbele, bure. Mkono niliotungia uzi miaka yote ulikuwa unatetemeka. Nilimwita mume wangu, nikamwambia wamenipa macho ya kutazama miembe, wakachukua ya kunilisha.

Kliniki walinieleza vizuri. Lenzi ya asili ya kijana hubadili umbo lake ili kuona karibu na mbali. Lenzi ya kawaida ya kupandikizwa haibadiliki, inapangwa kwa umbali mmoja. Mimi, kama wagonjwa wengi, nimepangiwa mbali, na karibu nitahitaji miwani. Miwani hiyo haipimwi kidonda kikiwa kibichi, kwa sababu kipimo hubadilika jicho linapoendelea kupona. Niliambiwa nisubiri mpaka wiki ya sita.

Wiki tatu hizo, katika msimu wa sare, zilikuwa ndefu. Baadhi ya wateja walihamia kwa mafundi wengine. Mimi nilipima na kukata, mkwe wangu akashona, nami nikamkagua mishono kwa vidole. Pesa ilipungua lakini haikukatika, na yule binti sasa anajua kutia mfuko wa kaptula.

Siku ya kupimwa miwani nilikwenda na futi kamba yangu. Nilikuwa nimepima nyumbani: kutoka jichoni mpaka kwenye sindano ya cherehani ni sentimita 45, lakini kitabu nakishika karibu zaidi. Mtaalamu alicheka, kisha akasema laiti kila mtu angekuja na kipimo cha kazi yake. Alinitengenezea miwani ya umbali wa cherehani. Niliporudi nilitunga uzi kwa mara ya pili. Mara ya kwanza niliukosa.

Kama unafanya kazi ya karibu, ya ushonaji, ususi, utengenezaji wa saa au uandishi, mwambie daktari kabla ya upasuaji, si baada. Muulize lenzi itapangwa kwa umbali gani. Na ujue kwamba baada ya miezi au miaka, ule mfuko unaoishika lenzi unaweza kutanda ukungu. Huo si mtoto wa jicho aliyerudi. Huondolewa kwa mwanga wa leza, bila kupasuliwa upya. Lakini ukipata maumivu makali, jicho likawa jekundu zaidi, ukaona vimulimuli vya ghafla au kama pazia linashuka, usisubiri siku ya kliniki. Nenda siku hiyohiyo.

Jicho la kushoto lilifanywa Machi. Sikuogopa, maana njia nilikuwa naijua. Baada ya hapo macho yalipatana na chai ikaingia kikombeni.

Kuona vizuri kunaonyesha kila kitu. Nilimwona bibi kizee kwenye kioo ambaye hakuwapo mara ya mwisho nilipotazama. Niliona masizi kwenye kona za jikoni. Na asubuhi moja, mume wangu amekaa mlangoni jua likimpiga usoni, niliona mboni yake ya kushoto haikuwa nyeusi. Ilikuwa ya kijivu, kama tui jepesi. Nikamuuliza tangu lini. Akasema ni uzee tu, mke wangu, na kwamba nyumba haiwezi kuuguza watu wawili kwa wakati mmoja. Kumbe alikuwa anangoja zamu yake bila kuniambia, huku akinishika mkono barabarani kwa jicho moja.

Hospitali anaiogopa. Sikumbishia wala sikumwambia kwamba hakuna kitu, kwa sababu kipo. Nimemweleza kila siku ilivyokuwa, ukungu, matone, ngazi na sindano, ili asije akafungua bandeji akangoja muujiza. Mkwe wangu ameshaambiwa kwamba ufagio na ndoo haviguswi na mzee kwa mwezi mzima. Mjukuu ananawa mikono kabla hajaambiwa. Kliniki ni Jumanne, na safari hii mimi ndiye nitakayemshika mkono.