Skrini ya Hospitali na Sitara ya Mgonjwa

Mgonjwa aketipo kwenye benchi la hospitali, macho yake hutafuta pa kutua. Zamani yalitua kwenye bango la chanjo lililobandikwa ukutani, au kwenye uso wa mgonjwa mwenzake. Siku hizi, katika hospitali nyingi za mijini, hutua kwenye skrini iwakayo mchana kutwa: hutangaza nambari za foleni, hufundisha kunawa mikono, kisha huuza bidhaa. Biashara ya skrini hizo inakua, na sisi kina mama, tunaowapeleka watoto na wazazi wetu kutibiwa, ndio watazamaji wake wakubwa.

Jambo hili tulilizungumza kwa kirefu tulipokwenda Takawiri kumzuru binti yetu aliyeolewa huko. Takawiri ni kisiwa kidogo cha Ziwa Viktoria, katika kaunti ya Homa Bay, jirani na kisiwa kikubwa cha Mfangano. Hufikiwa kwa boti kutoka Mbita. Sisi watu wa Pwani hatukuona ugeni: mchanga mweupe, mashua, nyavu zilizoanikwa, na dagaa ambao huko huitwa omena. Tofauti ni kuwa maji hayana chumvi, na mgonjwa anayehitaji hospitali kubwa sharti kwanza avushwe ziwa, upepo ukiruhusu.

Mkwe wetu alitueleza kwamba kwao habari za afya huletwa na mtu. Mhudumu wa afya ya jamii hupita nyumba kwa nyumba, akizungumza Kijaluo. Mnamo Septemba 2023 Serikali ilizindua mpango wa kuwapa wahudumu wapatao 100,000 nchini mikoba ya vifaa na simu za kuwekea kumbukumbu. Hiyo nayo ni skrini, ila hukaa mkononi mwa mtu ajuaye jina la mtoto wako, na ukimwuliza hujibu.

Hatusemi kwamba skrini ya ukutani haina kheri. Asiyesikia vizuri huiona nambari yake. Tena, palipokuwa pakiitwa majina kwa sauti, sasa huonekana nambari tu, na hiyo ni sitara. Homa Bay ni miongoni mwa kaunti zilizoathiriwa sana na virusi vya ukimwi. Huko, jina kutajwa mbele ya mlango fulani laweza kumvunjia mtu heshima kijijini. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huzihesabu habari za afya kuwa nyeti. Nambari badala ya jina ni adabu njema.

Lakini nambari yataka msomaji. Katika hospitali moja ya huku kwetu Pwani, shangazi yetu aliketi tangu asubuhi hata Adhuhuri ikapita. Nambari yake ilikuwa imeonekana na kutoweka. Yeye hakujua kusoma, wala hapakuwa na aliyemwita. Skrini ilikuwa mpya na safi. Kilichokosekana ni mtu wa kumshika mkono.

Liko pia suala la fedha. Baadhi ya kampuni hufunga skrini bila kuitoza hospitali, kisha zikapata faida kwa kuuza nafasi za matangazo. Huko Chicago, Marekani, ContextMedia iliyoanzishwa mwaka 2006, na baadaye ikaitwa Outcome Health, ilijaza skrini katika vyumba vya madaktari na kuwauzia watengenezaji wa dawa nafasi hizo. Ikawatoza hata kwa matangazo ambayo haikuwa na skrini za kutosha kuyaonyesha. Aprili 2023 baraza la mahakama liliwatia hatiani viongozi wake watatu wa zamani kwa ulaghai. Waliolaghaiwa hapo walikuwa wenye pesa na mawakili. Je, mama aliyejifungua jana, akionyeshwa tangazo kana kwamba ni nasaha ya daktari, atatetewa na nani? Kuhusu maziwa ya kopo, Kenya ina sheria ya mwaka 2012 inayokataza kuyatangaza badala ya maziwa ya mama. Yafaa kila mzazi aijue, ili akiyaona yakinadiwa kliniki aweze kusema.

Tulimwuliza mkwe wetu kama angependa skrini kama hiyo ifike kisiwani. Akafikiri kidogo, akasema: “Ije, lakini iseme Kijaluo, na isile pesa za mafuta ya boti.”

Tuliona kwamba maneno hayo yafaa kuwa kipimo, kisiwani na hata Pwani. Hospitali inapotaka kufunga skrini, tuulize: itasema lugha gani? Asiyejua kusoma ataitwa na nani? Nani anayelipa, na anauza nini? Umeme ukikatika au kifaa kikiharibika, ni fungu gani litakalopunguzwa? Zahanati na vituo vya afya vya umma huwa na kamati ambamo wakaazi wana viti. Mara nyingi viti hivyo huachiwa wanaume, ilhali wanaokaa kwenye mabenchi ni sisi. Kamati ya kituo chenu itakapoitisha mkutano, akina dada, nendeni na maswali haya manne.