Farasi Thelathini

Jumapili moja ya Februari, saa saba mchana, nilikuwa nimekaa kiti cha kulia cha Cessna 172 kwenye uwanja mdogo wa ndege wa Nanyuki, nimepakata begi la spana. Kushoto kwangu alikuwa mwenye ndege, ambaye pia ndiye rubani. Nyuma yetu walikaa shemeji yake na rafiki wa huyo shemeji, na nyuma yao kulikuwa na mabegi na gunia la viazi lisilojaa. Jua lilikuwa linachoma. Mlima Kenya ulikuwa umeshajifunika mawingu, kama kawaida yake ikifika mchana.

Tulikimbia. Tukakimbia tena. Uwanja ulikuwa unaisha na sisi bado tuko chini. Magurudumu yalipoinuka, filimbi ya onyo ikaanza kulia, ile inayokwambia kwamba mbawa ziko karibu kushindwa kubeba. Niliona waya za ua zikipita chini yetu, karibu kiasi kwamba ningeweza kuhesabu miba yake. Kilichotuokoa si rubani wala injini. Ardhi yenyewe ilituhurumia: mbele yetu iliteremka taratibu, nasi tukateremka nayo mpaka mwendo ukapatikana.

Hakuna aliyesema neno mpaka Nairobi. Tulipozima injini pale Wilson, mwenye ndege alifuta jasho akaniambia, "Fundi, hii injini imechoka. Tuweke kubwa."

Nami nikajibu haraka sana, "Ni kweli, mzee. Tuweke kubwa."

Nimeandika hii insha kwa sababu ya lile jibu langu.

Wacha nieleze kidogo, maana najua wengi mnaosoma hapa mnajua mizani ya shairi kuliko mizani ya ndege. Ile ndege ilikuwa toleo la 172M, ya mwaka 1975. Chini ya boneti ilikuwa na Lycoming O-320, injini ya silinda nne yenye nguvu za farasi 150. Namba 320 ni ujazo wa silinda zake kwa inchi. Kaka yake mkubwa ni O-360, ambaye katika ndege kama hii hutoa farasi 180. Ukizifungua zote mbili mezani utacheka: pistoni zina upana uleule. Tofauti kubwa ni kwamba ndani ya O-360 pistoni inasafiri nusu inchi zaidi kila inapopanda na kushuka. Nusu inchi mara silinda nne, hapo ndipo wanapotoka wengi wa wale farasi thelathini.

Lakini farasi hao wamehesabiwa usawa wa bahari, kwenye hewa ya kawaida ya nyuzi 15. Injini isiyo na taboo inavuta hewa iliyopo, basi. Ukipanda juu, hewa inakuwa nyembamba. Joto likizidi, inakuwa nyembamba zaidi. Nanyuki iko futi 6,200 hivi juu ya bahari, na mchana wenye nyuzi 25 ndege inajiona kama iko karibu futi 9,000. Pale farasi 150 wanabaki kama 110. Wale 40 hawajafa, wako Mombasa.

Sasa sikiliza hili, maana mimi lilinichukua muda kulimeza. Injini mpya ya farasi 180, mchana uleule wa Nanyuki, inabaki na kama 132. Ile ya zamani, ya 150, ikiruka Mombasa kwenye joto la nyuzi 30, inatoa karibu 140. Yaani ukinunua injini kubwa kwa ajili ya nyanda za juu hununui nguvu mpya. Unajaribu kurudisha zile ulizoziacha pwani, na hurudishi hata zote.

Hata hivyo si pesa ya bure. Ndege haipandi kwa nguvu zake zote. Inapanda kwa zile zinazobaki baada ya kujishikilia hewani. Ni kama mshahara. Mtu akiongezewa elfu tano na kodi ya nyumba ikabaki palepale, mshahara haujakua sana, lakini kile kinachobaki mfukoni mwisho wa mwezi kinaweza kuwa mara mbili. Ndiyo maana farasi thelathini, ambao mwendo wa safari wanauongeza kwa asilimia sita tu hivi, wakati wa kuruka wanaonekana kama muujiza. Na huo muujiza ndio mtego.

Miezi ile nilikuwa nasoma kitabu kilichosahauliwa na mteja kwenye kiti cha ndege yake: Terre des hommes cha Antoine de Saint-Exupéry, katika tafsiri ya Kiingereza. Kilitoka mwaka 1939. Wapenzi wa fasihi tunaijua hadithi ya nyuma yake. Februari 1938 Saint-Exupéry aliondoka New York pamoja na fundi wake, André Prévot, wakielekea Tierra del Fuego, kule ncha ya kusini ya Amerika. Tarehe 16 wakatua Guatemala City kuongeza mafuta. Jiji lile liko mita 1,500 hivi juu ya bahari. Wilson iko karibu 1,690. Ndege yao, Caudron Simoun, iliondoka ikiwa nzito kwa mafuta kuliko hewa ile ilivyoweza kubeba. Haikupanda. Ilianguka mwishoni mwa uwanja, na wote wawili wakatolewa wakiwa hai, wamevunjika vibaya. Alipokuwa akiuguza majeraha New York ndipo alipokusanya na kupanga maandishi yaliyokuja kuwa kitabu hicho.

Tunapenda kusema ajali ile ilitupa kitabu. Mimi, nikiwa na grisi mikononi, nilijikuta namuwaza Prévot. Ndiye huyohuyo aliyeanguka na Saint-Exupéry katika jangwa la Libya mwishoni mwa 1935. Miaka miwili baadaye yuko tena kiti cha pembeni, mafuta yanamiminwa. Kazi yake ilikuwa injini, na injini ilikuwa inanguruma vizuri. Je, aliitazama ile pipa ya mafuta akakohoa? Au alifanya kama mimi, akapakata begi lake akanyamaza?

Kazi ilituchukua wiki tatu. Tulishusha injini ya zamani kwa winchi, tukabadilisha vyuma vinavyoibeba, mabomba ya moshi, kipoza oili na propela, kwa sababu propela ya farasi 150 haiwezi kuvishwa farasi 180 hivihivi, kama vile huwezi kumvisha mtu mzima viatu vya mtoto ukamwambia akimbie. Kila hatua ilifuata kibali kilichotolewa Marekani na kukubaliwa na mamlaka yetu ya usafiri wa anga. Injini mpya haibembelezwi; saa zake za kwanza unaikimbiza kwa nguvu ili ringi zikae sawa kwenye silinda. Ile sauti ya kwanza, bana, siwezi kuisahau. Mwenye ndege alisimama mlangoni mwa hanga akitabasamu kama mtu aliyeletewa bibi harusi.

Kisha tukapima uzito. Kupima ndege ni ibada. Unatoa mafuta, unailaza sawa, unaweka mizani tatu chini ya magurudumu matatu, halafu unafunga milango ya hanga, maana hata upepo mdogo ukipita kwenye mbawa unainyanyua na kukudanganya. Tulifunga milango. Kabla ilikuwa kilo 635. Sasa ilikuwa 647.

Nilikaa chini na karatasi, na kwa mara ya kwanza nikafanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya kule Nanyuki. Ndege tupu 635. Mafuta yaliyobaki siku ile, kilo 90. Watu wazima wanne, 320. Viazi na mabegi, 60. Jumla 1,105. Uzito wa juu unaoruhusiwa kwa 172M ni kilo 1,043. Tulikuwa tumezidisha kilo 62. Injini haikuwa imechoka hata kidogo. Ilikuwa imebeba watu watano ikaambiwa ni wanne.

Baya zaidi ni kwamba kibali tulichotumia kiliongeza nguvu tu. Uzito wa juu kiliuacha palepale, 1,043. Mbawa ni zilezile, magurudumu ni yaleyale, breki ni zilezile. Kwa hiyo baada ya wiki tatu na pesa nyingi, ndege iliruhusiwa kubeba kilo 12 pungufu kuliko mwanzo. Tena injini kubwa inakunywa zaidi: tangi lililompeleka mtu saa nne na nusu sasa lilimpeleka chini ya saa nne. Anayetaka kufika mbali inambidi ajaze zaidi, na akijaza zaidi inambidi aache mtu.

Mwenye ndege aliisoma ile karatasi akakunja uso. "Kilo kumi na mbili, fundi. Si ungeacha tu ile namba ya zamani?"

"Haiwezekani, mzee. Nimeshaweka sahihi."

Nilijisikia shujaa kidogo. Lakini sahihi ni wino. Niliandika namba ya kweli, na hesabu ya zile kilo 62 nikaikunja nikaiweka mfukoni. Sikumwonyesha. Ningemwonyeshaje, ilhali nilikuwa nimeshamla pesa ya ufundi kwa ugonjwa ambao haukuwepo?

Mwezi uliofuata tukarudi Nanyuki. Watu walewale, saa ileile, jua lilelile. Na viazi, maana viazi vya kule ni vizuri kweli, sitamlaumu mtu. Mwenye ndege alikuwa na furaha. Alipapasa boneti akasema, "Leo tuna nguvu. Pakieni."

Nilisimama kando ya bawa. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kwa miaka yote ya ufundi wangu nilidhani msemo ule unahusu huruma. Pale nikauona unahusu ndege. Hakuna aliyekuwa anajiona mzito. Shemeji aliona tatizo ni viazi, mwenye viazi aliona tatizo ni mabegi. Mimi niliona tatizo ni wao wote. Nikapiga hesabu tena kichwani: 647, 90, 320, 60. Elfu moja mia moja kumi na saba. Tumezidi kilo 74.

Mimi nina kilo 80.

Nikavuta begi langu la spana. "Mzee, mimi nitarudi na matatu."

"Una nini wewe? Unaogopa injini uliyoifunga mwenyewe?"

Ndipo nikaitoa ile karatasi mfukoni, imechakaa kwenye mikunjo, nikamwekea juu ya boneti. Nilimwambia yote: kwamba Februari tulizidi, kwamba injini ya zamani haikuwa na kosa, kwamba nilijua kabla sijamkabidhi ndege na nikanyamaza. Alisoma muda mrefu. Shemeji akaangalia pembeni. Sikusubiri anijibu, na kusema kweli niliogopa jibu lake kuliko nilivyoogopa ule ua wa waya.

Niliwatazama wakiondoka. Walikuwa na kilo 1,037, sita chini ya kikomo, na ile ndege ilipanda vizuri ajabu, ikaupita ule ua ikiwa juu sana, ikageuka kusini. Mara zote nilikuwa nimeisikia ile injini nikiwa ndani yake. Kutoka nje sauti yake ilikuwa nyororo. Nikafikiria pesa zile zote, nikafikiria kwamba na ile ya zamani, kama wangekuwa watatu, pengine nayo ingepanda tu, polepole, bila kumtisha mtu.

Matatu ilichukua saa nne kufika Nairobi, na dereva alibeba abiria wanne zaidi ya viti. Sikusema kitu. Bado sijawa mtu huyo wa kusema kila mahali.

Mwenye ndege hakunipigia simu wiki tano. Halafu asubuhi moja nilifungua hanga nikakuta kwenye kona, karibu na ndoo ya oili, mizani ndogo ya bafuni, bado iko kwenye boksi lake. Hakuna aliyesema imetoka wapi. Niliitoa, nikaiweka sakafuni mahali palipo sawa, nikawa wa kwanza kuipanda. Ikasoma 83.