Filamu ambayo bibi hakuhitaji kutafsiriwa

Katika nyumba ya mkulima mmoja wa kahawa karibu na Nkwenda, wilayani Kyerwa, Jumamosi jioni ni ya filamu. Zikiwekwa zile zilizotafsiriwa na madijei, bibi hutoka nje. Kiswahili chao kina mbio, naye amezoea Kinyambo.

Mwezi uliopita mjomba anayesoma chuo alikuja na flashi. Ndani mlikuwa na filamu ya Kijapani ya mwaka 1960, nyeusi na nyeupe, “Hadaka no Shima” ya Kaneto Shindo. Watoto wakaguna. Hakuna ngumi, na karibu hakuna anayezungumza. Bibi ndiye aliyesema iachwe: leo wote wako sawa.

Mume, mke na wana wao wawili wanaishi kisiwani pasipo na maji baridi. Wazazi wanapiga kasia hadi ng'ambo, wanajaza ndoo, wanazipandisha mlimani kwa mti begani na kumwagilia mche mmoja mmoja. Kisha wanarudi tena. Inakwenda taratibu mno kwa aliyezoea Rambo, lakini mtu wa milima ya Kyerwa haelezwi uzito wa ndoo.

Mke anateleza, maji yanamwagika. Mume anamzaba kofi. Sebuleni, binti wa darasa la sita, ambaye huteremka bondeni kuchota kabla ya shule, akageuka kumtazama baba yake. Wiki hiyohiyo alikuwa amefokewa kwa kupasua dumu. Baba akaangalia sakafu.

Baadaye mtoto mkubwa wa kisiwani anashikwa na homa. Baba yake anavuka kumtafuta daktari. Wanapofika, mtoto amekwisha kufa. Hapo bibi akaanza kusimulia, kwa Kinyambo, habari za mtoto wake wa kwanza, aliyefia njiani akibebwa kwenye machela, enzi ambazo zahanati ilikuwa safari ya siku nzima. Alitaja jina ambalo wajukuu hawakuwahi kulisikia. Hata baba hakujua kwamba alikuwa na kaka. Filamu ilisimamishwa hadi alipomaliza.

Jumamosi iliyofuata walitazama “Ohayo” ya Yasujiro Ozu, ya mwaka 1959: wavulana wawili wanagoma kuongea hadi wanunuliwe runinga. Watoto walicheka sana. Humo watu wazima wanaongea mfululizo, bibi akasinzia.

Kuhusu maji, sasa ni zamu. Baba hufunga madumu mawili kwenye baiskeli siku yake ikifika, ingawa binti anasema huwa anaisahau.