Umri wa Karatasi

Apitaye nje ya kituo cha kupoza umeme huona tangi la chuma la transfoma, rejeta na bushingi za kaure. Mimi kazi yangu yote imekuwa juu ya kisichoonekana: karatasi iliyoviringishwa kwenye nyaya za shaba na kuzamishwa ndani ya mafuta. Ikichoka hiyo, transfoma imekwisha, hata kama rangi yake bado inang'aa.

Nilifanya kazi Dar es Salaam, katika maabara ya mafuta. Mafuta mapya ni mang'avu, yenye manjano hafifu. Joto na oksijeni huyageuza kahawia, yakaongezeka asidi, mwishowe yakafanya tope linalozuia njia za kupozea. Joto nalo likazidi. Lakini mafuta yanachujwa, hata kubadilishwa; karatasi sivyo. Karatasi ikiwa mpya, mnyororo wake mmoja wa selulosi una viungo vya glukosi kama 1,000 hivi. Vikibaki 200, inavunjika ovyo, na shoti moja kwenye laini inatosha kuipasua. Kuoza kwake kwenyewe huzaa maji, na maji hayo huharakisha kuoza.

Huwezi kufungua transfoma inayofanya kazi ukakate kipande. Tulitafuta furani, mabaki ya karatasi yanayoyeyuka katika mafuta. Fundi kijana aliwahi kuniuliza, "Mzee, tumeshachuja, furani zimeshuka. Si imepona?" Nikamwambia, "Mwanangu, tumefuta ushahidi tu." Tangu hapo nilisisitiza sampuli ichukuliwe kabla ya kuchuja, na jalada la zamani lisitupwe.

Adui wangu mkubwa ulikuwa mzigo wa jioni za Januari, viyoyozi vikiwaka mji mzima. Kwa karatasi ya kawaida, kikomo cha kanuni za kimataifa ni 98 °C penye joto kali kuliko pote. Kila nyuzi 6 zikizidi, kasi ya kuzeeka huongezeka mara mbili. Saa 2 za 110 °C hula umri wa saa 8. Ndiyo maana feni mbovu ya kupozea haikunipa usingizi.

Transfoma moja kongwe, furani zimejaa, wakubwa walitaka kuihamishia mkoani. Nilipinga kwa maandishi: mtikisiko wa lori ungeimaliza karatasi ile. Ikaachwa palepale, mzigo ukapunguzwa, mpaka mpya ikafika.