Mbegu Katika Kibuyu

Tunapozungumza juu ya utamaduni wa taifa, aghalabu mawazo yetu hukimbilia ngoma, mavazi, ushairi na methali. Ni wachache miongoni mwetu wanaokumbuka chungu kilichopo jikoni. Na hali chakula ndicho kitu cha kwanza ambacho mtoto hupokea kutoka katika mikono ya jamii yake, hata kabla hajajua kulitamka jina lake mwenyewe. Katika insha hii twapenda kueleza jinsi sisi tulivyokidharau chakula cha kwetu, na jinsi akina mama wa vijijini walivyotufundisha upya thamani yake, si kwa hotuba, bali kwa kibuyu cha mbegu na chungu cha mlenda.

Sisi tulizaliwa Ugogo, katika nchi ya mibuyu na vumbi jekundu, ambako mvua hunyesha kwa msimu mmoja tu, tangu Desemba hadi Aprili, na mara nyingi haifiki milimita 600 kwa mwaka. Ardhi ya namna hiyo ina masharti yake. Wazee wetu waliyaelewa masharti hayo wakachagua mtama na uwele, mazao ya Kiafrika tangu asili. Mtama ukikosa maji hukunja majani yake na kusimama kukua, ukangoja. Mvua irudipo, nao huendelea. Mahindi, ambayo asili yake ni Amerika, hayana subira hiyo. Yakikosa maji wakati yanapochanua, jasho la mkulima limepotea.

Wagogo hawakuwa na desturi ya kusahau njaa. Waliipa jina, kama mtu apewavyo jina. Njaa kubwa ya miaka ya 1917 hadi 1920 waliiita Mtunya. Katika vita kuu ya kwanza, majeshi ya wakoloni yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wenye nguvu. Kisha mvua nayo ikakataa kunyesha. Watu wengi sana walikufa, na wengine wakatawanyika kutafuta chakula ugenini. Habari za Mtunya tulisimuliwa utotoni na bibi zetu, na daima masimulizi hayo yaliishia katika onyo moja: mbegu hailiwi yote, hata njaa ikibisha hodi.

Pamoja na kulelewa hivyo, tulipokwenda shule ya bweni tulizoea ugali mweupe wa sembe, na mara tukaona kwamba weupe ule ndio ustaarabu. Likizo moja tulirudi nyumbani, mama akatusongea ugali wa uwele na mlenda uliotiwa karanga. Tuliutazama ugali ule wa rangi ya kijivu, tukasema hatuna njaa. Mama hakutugombeza. Alikifunika chakula kwa ungo, akasema kwa sauti ya chini kwamba ugali ule ndio uliotufikisha shuleni. Tulikwenda kulala na njaa yetu, tukijiona wasomi. Mama sasa ni marehemu, nasi hatukupata kumwomba radhi.

Miaka mingi ilipita. Siku moja tulikwenda katika uwanja wa Nzuguni, mjini Dodoma, kutazama maonyesho ya Nane Nane. Wazee wenzetu watakumbuka kwamba hapo zamani Sikukuu ya Wakulima ilikuwa Saba Saba, tarehe 7 Julai, kabla ya kuhamishiwa tarehe 8 Agosti. Tulipita penye matrekta na pampu za maji, palipokuwa na vipaza sauti vingi, hata tukafika kwenye banda moja dogo la makuti. Hapo walikuwapo akina mama wanane hivi kutoka vijijini, wamevaa kanga za namna moja, na mbele yao wametandaza nyungo: mtama mweupe, mtama mwekundu, uwele, njugumawe, kunde, choroko, karanga, na mlenda mkavu uliotwangwa.

"Mbukwenyi!" alitusalimu mmoja wao, mama mtu mzima, nasi tukaitikia. Kisha akaendelea kuwaeleza vijana wa mjini waliomzunguka. Kijana mmoja akachota mtama kiganjani, akauliza huku akicheka, "Mama, hiki si chakula cha kuku?"

"Basi kuku wako anakula vizuri kuliko wewe, mwanangu," mama akajibu. Watu wakacheka, na kijana naye akacheka; lakini hakuondoka. Alibaki kusikiliza.

Mama yule alieleza mengi kwa muda mfupi. Alisema kwamba mtama mwekundu una ukakasi, na kwamba kwa ajili ya ukakasi huo kweleakwelea hawaupendi sana. Ndiyo maana bibi zetu hawakuuacha, ingawa mtama mweupe ni mtamu zaidi na una soko. Alieleza jinsi mwanamke anavyopita shambani kabla ya mavuno, akichagua masuke yaliyo bora, kisha akayatundika juu ya meko ili moshi uwafukuze wadudu. Alieleza jinsi majani ya mlenda yanavyochumwa wakati wa masika, yakaanikwa na kutwangwa, ili familia isikose mboga katika miezi ya kiangazi. Hatimaye aliinua kibuyu, akamimina mbegu kiganjani, akauliza, "Nani kati yenu alijuaye jina la mbegu hii?"

Hakuna aliyejibu. Nasi tuliozaliwa katika nchi ile, tuliolelewa kwa mbegu ile, tulitazama chini. Hapo ndipo tulipotambua kwamba hasara yetu haikuwa chakula kimoja tu. Mbegu ikikosa wa kuitaja jina, haitachukua muda kukosa wa kuipanda.

Adhuhuri ilipofika, wakubwa wa msafara walikuja bandani. Kila mmoja alionja kijiko kimoja cha ugali wa uwele, akawasifu akina mama, akapigwa picha. Baadaye tuliwaona wageni wale wale chini ya hema lao, wakila wali. Hatusemi haya kwa kuwalaumu, maana sisi tulikwisha kufanya kosa hilo mbele ya mama yetu mzazi. Twasema tu kwamba utamaduni unaoonjwa kwa kijiko na kuachwa mezani si utamaduni bado, ni maonyesho.

Hata hivyo yapo mambo ya kutia moyo. Watafiti wetu wametoa mbegu bora za mtama kama Tegemeo na Macia, na za uwele kama Okoa na Shibe. Umoja wa Mataifa uliutenga mwaka 2023 kuwa mwaka wa nafaka za jamii ya uwele na ulezi, na dunia ikakumbushwa jambo ambalo bibi zetu walilijua: kwamba nafaka hizi hustahimili ukame, na kwamba uwele una madini ya chuma mengi kuliko sembe iliyokobolewa.

Lakini hapana budi tuseme ukweli mmoja. Tulipomwuliza mama yule kwa nini wanawake vijana wanauacha uwele, hakuwalaumu. Alituonyesha viganja vyake, vilivyokuwa vigumu kama gome la mti. "Mchi," alisema. Kukoboa, kupepeta na kusaga nafaka hizi kwa mkono ni kazi nzito, na kazi hiyo yote huangukia mabega ya mwanamke. Basi anayependa chakula cha asili apende pia mashine ya kukoboa iwepo kijijini, na mwanamume naye ashike mchi. Kuusifu utamaduni huku tukimwachia mama mzigo wake si kuusifu; ni kustarehe kwa jasho la mwingine.

Ndugu walimu, shamba la shule lisiwe la mahindi peke yake mahali ambapo ardhi yenyewe inadai mtama. Nanyi wanafunzi, mwendapo likizo, kaeni na bibi zenu jikoni, muulize majina ya mbegu na mboga, mkayaandike katika madaftari yenu. Kazi hiyo haihitaji fedha, lakini haingoji, kwa kuwa wenye kuyajua majina hayo wanapungua kila mwaka. Mkataa kwao ni mtumwa.

Siku ile tulinunua kibaba cha unga wa uwele, na mama akatuongezea gao la mbegu bila malipo. Jioni tulisonga ugali wenyewe, ukawa na mabonge. Tuliula wote.