Viti Vilivyojaa

Kiswahili huuita mchezo wa hoki mpira wa magongo, na jina hilo liliwatosha wale waliocheza juu ya nyasi katika Mombasa, Nairobi na Kampala, ambako Wagoa na Masingasinga walikuwa hodari wake kwa miaka mingi. Nilipofika Toronto mwaka 2010 kwa masomo ya udaktari, niliona mchezo mwingine wenye jina hilohilo. Huu huchezwa juu ya barafu, kwa viatu vyenye makali ya chuma, na kinachogombewa si mpira wa duara bali ni kisahani kigumu cha mpira mweusi kinachoenea katika kiganja cha mkono. Majira mawili ya baridi yalipita kabla jicho langu halijaweza kukifuata kisahani hicho. Hadi leo sidai kuwa mjuzi. Ninaloweza kulisimulia ni habari ya watu wanaotazama, kwa sababu niliishi nao nyumba moja.

Chumba nilichopanga kilikuwa cha mzee mmoja wa asili ya Goa, mzaliwa wa Mombasa, aliyekuwa karani Kampala mpaka Agosti mwaka 1972, Idi Amin alipotangaza kwamba Waasia waihame Uganda kwa muda wa siku 90. Alishuka Montreal kwa ndege akiwa na mkewe, mtoto mchanga na masanduku mawili, kisha akahamia Toronto. Kiswahili chake kilikuwa safi, walakini kilikuwa kimekaa muda mrefu bila kutumiwa, na maneno mengine yalimtoka kwa uzito kama nguo iliyokunjwa miaka mingi. Nilimwita Mzee. Yeye aliniita Mwalimu, kabla sijastahili jina hilo.

Mzee alikuwa shabiki wa Toronto Maple Leafs. Timu hiyo ilipata jina lake mwaka 1927, Conn Smythe alipoinunua, na miaka minne baadaye ikajengewa jumba lake la Maple Leaf Gardens wakati dunia nzima ilipokuwa katika dhiki ya fedha. Fedha zilipopunguka, mafundi walikubali kupokea sehemu ya ujira wao kwa hisa. Mzee alipenda sana habari hiyo. Aliniambia kwamba jumba lile tangu msingi wake lilikuwa na deni kwa watu wadogo, na kwamba deni hilo halikulipwa.

Historia ya timu aliijua kama msomi ajuavyo nasaba ya wafalme. Alinieleza jinsi timu ilivyoshindwa mechi tatu za mwanzo za fainali ya mwaka 1942 dhidi ya Detroit, kisha ikashinda nne zilizobaki na kuchukua Kombe la Stanley. Alinieleza habari ya Bill Barilko, aliyefunga goli la ubingwa mwaka 1951, akapotea kwa ndege ndogo katika kiangazi cha mwaka huohuo, na mabaki yake yasionekane mpaka mwaka 1962, mwaka ambao timu ilipata kombe tena. Nikimsikiliza nilidhani alikuwako. Hakuwako. Kombe la mwisho la timu hiyo, la kumi na tatu, lilipatikana tarehe 2 Mei 1967 kwa kuwashinda Montreal, naye alifika miaka mitano baada ya siku hiyo. Aliyoyapenda yalikuwa makumbusho ya watu wengine, akayachukua yote pamoja na hasara yake.

Hasara ilikuwa na jina, nalo ni Harold Ballard. Bwana huyu alishika usukani wa timu mwaka 1972, na mwaka huohuo mahakama ilimtia hatiani kwa wizi na udanganyifu wa fedha za jumba lilelile alilolitawala, akafungwa. Alipotoka gerezani alirudi kitini kwake, akakaa mpaka alipofariki mwaka 1990. Wazee wa Toronto wana hadithi zake kwa makumi. Ligi ilipoamuru majina ya wachezaji yaandikwe mgongoni, Ballard aliona kwamba watazamaji hawatanunua tena vijitabu vya majina. Basi mwaka 1978 aliyaandika kwa rangi ya buluu juu ya jezi za buluu, ili amri itimie na jina lisisomeke. Mwaka 1979 alimfukuza kocha Roger Neilson, akakosa wa kumweka mahali pake, akamrudisha, kisha akataka arudi uwanjani mbele ya watu akiwa amefunikwa kichwa kwa mfuko wa karatasi. Neilson alikataa. Mwaka huohuo alikibomoa kibanda kilichoning'inia juu ya uwanja, ambacho Foster Hewitt alikitumia kwa miongo mingi kuutangaza mchezo kwa redio kwa Kanada nzima. Na mwezi Desemba Lanny McDonald, kipenzi cha watu, aliuzwa, ikisemwa na wengi kwamba ni kwa ajili ya kumkomoa nahodha Darryl Sittler, rafiki yake. Sittler aliing'oa alama ya unahodha kifuani pake. Mashabiki walisimama nje ya Gardens na mabango mikononi.

"Nawe ulisimama?" nilimwuliza.

"Nilisimama," akasema. "Baridi ilikuwa kali. Halafu wenye tiketi wakaingia ndani."

"Na wewe?"

"Nilikuwa nayo, Mwalimu."

Hilo ndilo fumbo la habari yote. Katika miaka ile mibovu, viti vya Gardens vilijaa. Timu ikishindwa vilijaa, kocha akifukuzwa vilijaa, na mtu aliyekuwa akimtukana Ballard njiani alimlipa Ballard mlangoni. Mzee alikuwa na mzaha wake, kwamba mwaka 1972 alifukuzwa na mtawala mmoja akapokewa na mwingine. Mzaha huo sikuupenda, wala siupendi hata leo. Mmoja aliua watu, mwingine aliuza wachezaji. Mizani moja haiwezi kuwapima. Lakini nilielewa kwamba Mzee hakuwa akiwalinganisha watawala. Alikuwa akijipima mwenyewe, aliyekuwa chini yao wote wawili.

Mtoto aliyeletwa mchanga alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima wa miaka arobaini, na alikuja kila Jumapili. Rai yake ilikuwa kinyume cha rai ya baba yake. Alisema kwamba mwenye mali hasomi barua wala mabango. Husoma hesabu tu, na kiti kitupu ndiyo barua pekee inayofika. Alikuwa ameapa kutotoa hata senti moja kwa timu ile mpaka uongozi wake ubadilike. Nilimwuliza ni uongozi gani, maana Ballard alikuwa amekufa zamani. Akacheka, akanijulisha kwamba tangu mwaka 1994 miongoni mwa wenye mali ulikuwamo mfuko wa pensheni wa walimu wa Ontario. Nakiri kwamba habari hiyo ilinichekesha sana. Walimu wenzangu walistaafu kwa raha kutokana na huzuni ya jirani zao, na timu ikiboronga au isiboronge pensheni haikupungua. Mfuko huo uliuza hisa zake mwaka 2012 kwa makampuni makubwa mawili ya simu na matangazo, na mwana wa Mzee hakuona tofauti yoyote.

Jumba la Gardens liliachwa na timu mwaka 1999. Mwishoni mwa mwaka 2011 sehemu yake ya chini ilifunguliwa kuwa duka kubwa la vyakula, na Mzee alinichukua huko siku moja, eti kununua mchele. Katikati ya rafu za bidhaa, sakafuni, pana doa jekundu linaloonyesha kitovu cha uwanja wa barafu wa zamani. Mzee aliusimamisha mkokoteni wake juu ya doa hilo, akatazama dari kwa muda mrefu. Wanunuzi walitupita kimya kimya. Nadhani wamezoea kuwaona wazee pale.

Usiku nisiousahau ni wa tarehe 13 Mei 2013. Timu ilikuwa imefuzu duru ya mtoano kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2004, na ilicheza mechi ya saba na ya mwisho mjini Boston. Katika kipindi cha tatu Toronto walikuwa mbele kwa magoli 4 kwa 1. Mzee alikuwa amevaa jezi yake nyeupe ya namba 27, namba ya Sittler, iliyonunuliwa baada ya usiku wa Februari 1976 ambao Sittler alijipatia pointi kumi katika mechi moja, magoli sita na pasi nne. Boston wakarudisha moja. Ilipobaki chini ya dakika moja na nusu wakarudisha mawili kwa mfuatano, na katika muda wa ziada wakamaliza kazi, 5 kwa 4. Hakuna aliyesema kitu. Ndipo mimi, msomi, nikafungua kinywa.

Nilisema kwa ufasaha kwamba uvumilivu wa mashabiki ndio mbolea ya uongozi mbaya. Kwetu husemwa mvumilivu hula mbivu, lakini methali haikueleza anayelima shamba ni nani. Nilisema kwamba mtu asiyeondoka anakuwa ameridhia. Mwana wa Mzee alinitazama kwa shukrani, akaongeza neno ambalo sikulitazamia. Alimkumbusha baba yake mambo yaliyofichuka mwaka 1997, kwamba kwa miaka mingi baadhi ya wafanyakazi wa Gardens waliwanajisi watoto wa kiume ndani ya jumba lile, wakiwavuta kwa tiketi na zawadi, na mahakama ikawatia hatiani. "Wewe ulinipeleka pale," alimwambia, "nikiwa na umri kama wao."

Yeye hakupatwa na lolote. Alisema hivyo mara mbili. Lakini Mzee alishika ukingo wa meza. Katika miaka yote niliyomsikiliza akisimulia ya mwaka 1942 na ya Barilko na ya kibanda cha Hewitt, habari hii hakuwahi kunitajia. Nasaba ya wafalme aliyoihifadhi ilikuwa na ukurasa uliochanwa, na aliyeuchana si Ballard.

Akanijibu mimi, si mwanawe. "Mwalimu, mimi nimewahi kuondoka. Tulipoondoka Kampala, nyumba ilibaki na nani? Ilibaki na aliyetufukuza. Unaniambia kuondoka ni jibu. Nimelijaribu jibu hilo." Kisha akapanda ngazi kulala, bado amevaa jezi.

Kwa wiki nzima aliniambia habari za kodi na takataka tu. Nilimwomba radhi, akasema hapana neno, kwa namna ambayo Waswahili wote huijua. Nilikuwa nimechukua nadharia ya kiti kitupu nikamwekea mtu ambaye viti vyake, kitanda chake na picha za harusi yake viliachwa vitupu kwa amri. Hata hivyo siwezi kusema kwamba mwanawe alikosea. Jumba lililojaa kila usiku halina haja ya kuulizwa linaendeshwaje, na waliokuwa wakipiga makofi juu hawakujua yaliyotendeka chini. Rai zote mbili nimezibeba nikarudi nazo nyumbani mwaka 2014, na katika darasa langu, tunapojadili nani mwenye haki ya kuandika historia ya kitu asichokimiliki, bado zinanisumbua.

Baada ya hapo viongozi walibadilika kama kawaida. Brendan Shanahan alifanywa rais wa timu mwaka 2014, akaahidi ujenzi wa polepole. Wakaja wachezaji vijana wenye vipaji na mishahara mikubwa, makocha watatu, mameneja kadhaa, na mechi za mwisho zilizopotezwa moja baada ya nyingine. Tendo moja la uongozi huo Mzee alilisifu kwangu kwa simu. Dave Keon, shujaa wa mwaka 1967, aliyegombana na Ballard mwaka 1975 akaikasirikia timu kwa miongo, alipatanishwa nayo na mwaka 2016 akasimamishiwa sanamu nje ya uwanja. "Unaona?" aliniambia. "Aliyemwudhi amekufa, na waliomkumbuka wako." Nilitaka kumwuliza juu ya wale watoto, kama wapo wanaowakumbuka hivyo. Sikumwuliza.

Tarehe 18 Mei 2025 Toronto walicheza mechi ya saba nyumbani kwao dhidi ya Florida. Kwetu ilikuwa usiku wa manane, nami niliamka kutazama. Wakafungwa 6 kwa 1. Kabla ya mechi kwisha watu walianza kuvua jezi zao na kuzitupa juu ya barafu, na siku chache baadaye Shanahan hakupewa mkataba mpya.

Nilimpigia Mzee saa kumi na mbili asubuhi kwetu, saa tano ya usiku kwao. Alikuwa macho. Mwanawe alikwenda uwanjani, akasema, kwa tiketi aliyopewa kazini, maana kiapo chake cha senti hakikuvunjwa. Alikwenda amevaa jezi ya namba 27, ambayo baba yake alimwazima.

"Umeona walivyozitupa?" akaniuliza.

"Nimeona, Mzee."

"Zilikuwa nyingi. Sikuweza kuzisoma namba."

Tukakaa kimya kwenye simu. Nilimsikia akinywa kitu, chai bila shaka. Halafu nilisikia mlango, na sauti ya viatu vikifutwa chini.

"Subiri, Mwalimu," akasema, akaiweka simu mezani. Niliwasikia wakizungumza mbali kidogo, nisipate maneno. Aliporudi alikuwa anakohoa.

"Ameivaa ndani ya koti," akasema. "Ana njaa. Nitakupigia kesho."