Pesa ya uzee: usiiweke yote mahali pamoja

Leo sileti habari ya barabara wala ya bei ya unga. Nataka tuzungumze juu ya pesa ya uzee, ile ambayo mtu anaweka kidogo kidogo ili siku mikono itakapochoka asiwe mzigo kwa watoto.

Mara nyingi nasikia watu wakisema kwamba wazee wetu hawakujua kuweka akiba. Mimi nakataa. Nimekaa na wazee wa kartye hii miaka mingi, na karibu kila mmoja aliweka. Mama muuza ndagala aliweka. Mwalimu aliweka. Mfugaji aliweka kwa ng'ombe, mwingine kwa parseli. Kilichowaumiza ni kwamba kila mmoja aliweka vyote mahali pamoja. Siku mahali pale palipoguswa, hakubaki na kitu.

Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa noti. Alitusimulia mara nyingi habari ya Desemba 1979, serikali ya Mobutu ilipotangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 hazifanyi kazi tena, na watu wakapewa siku chache tu za kuzibadilisha. Mtu wa kijijini aliyekuwa na sanduku limejaa alibaki na makaratasi. Mwaka 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Mwaka 1998 ikaja franka, moja kwa zaire mpya 100,000. Mtu aliyeanza kazi akiwa kijana na kuzeeka katika miaka hiyo aliona pesa yake ikifa mara tatu, na hakuna mwizi aliyeingia nyumbani.

Msiseme hayo ni ya zamani. Mwanzoni mwa 2016 dola 1 ilikuwa karibu franka 930. Mwaka 2024 ilifika karibu 2,800. Aliyeficha franka 93,000 mwaka 2016 alikuwa na kama dola 100. Miaka minane baadaye, pesa ileile bila kuguswa ilikuwa kama dola 33. Ndiyo maana wengi wetu tunakimbilia dola. Lakini dola nayo ina mambo yake. Mwishoni mwa 2025 ilishuka chini ya franka 2,500, na aliyekuwa na dola peke yake akajikuta ananunua unga kidogo kuliko jana. Tena mnajua wafanyabiashara wetu: noti ya dola ikipasuka kidogo tu pembeni, wanaikataa. Mama mmoja jirani yangu alizika mkebe nyuma ya jiko. Alipoufukua, unyevu ulikuwa umeingia na noti zimeshikana. Alilia kama mwenye msiba, na kweli ulikuwa msiba.

Wengine wakasema, basi tujenge, nyumba ya kupangisha ndiyo retreti yetu. Ni wazo zuri. Lakini Aprili 2020 mto Mulongwe ulishuka na mawe na matope, nyumba nyingi zikaenda katika usiku mmoja. Ziwa nalo likapanda, na walio pwani wakaona maji yakiingia chumbani. Mwenye nyumba moja tu kando ya maji alipoteza mahali pa kulala na pesa ya uzee siku moja. Na ng'ombe? Wenzetu wa Uwanda wa Ruzizi na wa milimani wanajua: vita ikipita, zizi linabaki wazi.

Benki je? Ni mahali pazuri kuliko chini ya godoro, sitawadanganya. Lakini vita ilipofika Goma Januari 2025, kisha Bukavu Februari, benki za miji hiyo zilifunga milango. Pesa haikupotea, ila mwenyewe hakuweza kuifikia siku aliyoihitaji. Na Desemba 2025 vita ilipofika hapa Uvira, maelfu yetu tulivuka kwenda Burundi na tulichoweza kubeba mkononi. Pale ndipo nilipoona tofauti. Kulikuwa na mzee mwenye nyumba mbili na duka aliyeomba sabuni. Na kulikuwa na mama wa sokoni, mwenye kidogo sana kumshinda yule mzee, lakini alikuwa na noti chache zilizofungwa kwenye plastiki, kiasi kwenye simu, na daftari la kikundi chake kifuani. Yule mama alikula wiki zile bila kunyoosha mkono.

Kutoka kwake na wengine kama yeye nimejifunza mambo haya.

Gawanya. Kidogo kiwe noti za kukimbia nazo, kavu na safi. Kidogo kiwe kwenye simu au benki. Kingine kiwe kitu kinachozaa: shamba, mashine ya kushona, mbuzi, sehemu ya biashara ya mtoto. Hata kama ni franka 10,000 kwa mwezi, igawe.

Simu iwe kwa jina lako. Wazee wengi wanatumia laini iliyoandikishwa kwa jina la mjukuu au la jirani. Simu ikipotea njiani, ni mwenye jina atakayerudishiwa namba, na pesa iliyomo itakuwa mikononi mwake. Namba ya siri usimpe hata anayekuhudumia kwenye kabini. Anayekupigia akisema umeshinda zawadi, au jina lako liko kwenye orodha ya msaada lakini utume kwanza pesa ya kujiandikisha, kata simu.

Kikundi cha AVEC kina faida kubwa: sanduku la vifuli vitatu, funguo kwa watu watatu, kila mtu na daftari lake. Lakini kumbukeni kwamba kinagawa pesa mwisho wa mzunguko, mara nyingi mwaka mmoja. Ni mahali pa kukuzia pesa, si pa kuilaza miaka 20. Na kubalianeni mapema: vita ikikaribia, sanduku linagawiwa kabla ya kukimbia, au linabaki kwa nani? Likelemba pia inasaidia, ila ukipokea zamu yako, usiile yote.

Anayeahidi kuzidisha pesa kwa siku chache, mkimbieni. Mwaka 1991 kule Kinshasa, Bindo Promotion iliwalipa wa kwanza kwa pesa ya waliofuata, mpaka siku ilipokauka na wengi wakaachwa wanalia. Sasa wanakuja kupitia simu, na majina mapya. Wanampenda sana mzee aliyepokea malipo yake ya mwisho ya kazi, maana ana pesa nyingi mara moja na hana tena mshahara wa kuirudisha.

Kwa wenye mwajiri: sheria inataka asilimia 5 ya mshahara wako na asilimia 5 kutoka kwa mwajiri ziende CNSS kwa ajili ya uzee. Uliza namba yako ya CNSS leo, si siku ya kutimiza miaka 60. Tunza kila karatasi ya mshahara. Kwa watumishi wa serikali kuna CNSSAP, iliyoundwa mwaka 2015. Hapo pia ni karatasi ya kuingizwa kazini na namba ya matrikili zitakazokusemea. Pigeni picha karatasi hizo zote, na hati ya parseli pia, mumtumie mtoto aliye mji mwingine. Nyumba ikienda na maji, picha haiendi.

Mwisho, mtu mmoja unayemwamini ajue. Mzee akifa njiani na siri yake, akiba yake inakufa naye, na watoto wanabaki kugombana juu ya mkebe ambao hakuna anayejua ulipo. Si lazima ajue kiasi. Ajue mahali tu.

Najua kuna anayesoma haya akiwa kwenye hema na kusema: mwandishi, mimi sina hata cha kugawa. Nakusikia. Lakini siku ya kurudi ipo, na franka ya kwanza utakayoipata haitakuwa kubwa. Ianzishie sehemu mbili hiyohiyo. Haba na haba hujaza kibaba, na safari hii, ndugu zangu, tuwe na vibaba viwili.